Wosia kwa Wajukuu: Habari za Radama, Mfalme wa Bukini

Wajukuu zangu,

Barua hii ni ndefu. Isomeni kwa zamu, anayechoka ampe mwenzake, lakini msiruke kurasa.

Nawaandikia nyote, na hasa nyinyi mlioanza kupewa madaraka. Mmoja wenu sasa ni diwani, mwingine mwalimu mkuu, mwingine ameajiri vijana wenzake na anawalipa mshahara. Mkija Mafia wakati wa sikukuu nawasikia barazani mkisema kwamba wazee tumewachelewesha, kwamba mambo lazima yabadilike, tena upesi. Nakubaliana nanyi kuliko mnavyodhani. Nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi, na najua kwamba mambo mengi makubwa yamefanywa na watu ambao ndevu zao zilikuwa bado hazijajaa. Kwa hiyo sitawahimiza mwende polepole. Nitawasimulia habari za kijana aliyekwenda mbio kuliko wote ninaowajua katika bahari yetu hii, mpate kuona alifika wapi, na ni nani waliomlipia nauli.

Kijana huyo ni Radama, mfalme wa Bukini, kisiwa ambacho nyinyi mnakiita Madagaska. Alirithi kiti mwaka 1810 akiwa na umri wa miaka 17 hivi. Alikufa mwaka 1828, miaka 35 kwa makadirio. Yote nitakayowaeleza yalitokea katika miaka hiyo 18.

Yeye naye aliachiwa wosia. Baba yake, Andrianampoinimerina, alianza kutawala miaka ya 1780 akiwa na mlima mmoja tu, Ambohimanga, katika nyanda za juu za katikati ya kisiwa. Kwa vita, kwa ndoa na kwa ulimi mtamu aliwaunganisha Wamerina waliokuwa wamegawanyika chini ya watawala wadogo wadogo, akaitwaa Antananarivo na kuifanya makao makuu. Alikuwa mtu wa mpunga na masoko: alisimamia mitaro ya maji na matuta ya kuzuia mafuriko, akaweka siku za gulio na vipimo vya kuuzia. Kabla ya kufa aliwakusanya wakubwa wa nchi akamkabidhi mwanawe mikononi mwao, na akamwachia agizo ambalo Wamalagasi wanalitaja mpaka leo: mpaka wa shamba lake la mpunga uwe bahari. Maana yake kisiwa kizima kiwe chini ya mtawala mmoja. Mimi kwa kuwa ni babu nimelifikiria sana agizo hilo. Wosia unaweza kumlea mtu, na unaweza pia kumwendesha mpaka kaburini.

Waliomwogopa baba hawakumwogopa mtoto. Mara tu mzee alipofumba macho, baadhi ya waliotiishwa na baba waliasi, na kijana akaanza utawala wake vitani. Aliwarudisha kwa mkono mzito. Msije mkadhani nawaletea habari za malaika.

Wengi huanza habari za Radama na Waingereza. Mimi naanza na kalamu. Kusini mashariki mwa Madagaska wapo Waantaimoro, ambao kwa karne nyingi waliandika Kimalagasi kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi hizo hizo. Maandishi yao yanaitwa sorabe. Andrianampoinimerina aliwaleta waandishi wao Antananarivo, na Radama alijifunza kwao. Baadaye akaja Mfaransa mmoja, Robin, aliyewahi kuwa askari katika jeshi la Napoleon, naye akamfundisha mfalme herufi za Kilatini. Hebu mwoneni: mtu mwenye maelfu ya askari, ambaye neno lake linaweza kuua, ameketi na kalamu mkononi na anasahihishwa na askari mgeni asiye na ukoo wala cheo katika nchi ile. Hakuona haya. Katika yote aliyoyafanya, hilo ndilo lililonifanya nimpende.

Sasa mambo ya Waingereza. Mwaka ule ule aliotawazwa Radama, Waingereza waliwanyang'anya Wafaransa kisiwa cha Morisi. Gavana wao wa huko, Robert Farquhar, alikuwa na mambo mawili kichwani: kuwazuia Wafaransa wasijijenge Madagaska, na kuikata biashara ya watumwa, ambayo sheria ya Uingereza ilikuwa imeipiga marufuku tangu 1807. Watumwa wengi wa mashamba ya Morisi na ya Réunion walitoka Madagaska, na wakubwa wa Kimerina walikuwa miongoni mwa wauzaji. Radama kwa upande wake alitaka bunduki, walimu wa kijeshi, na atambuliwe na dola kubwa kuwa mfalme wa Madagaska, si mfalme wa milima michache. Tarehe 23 Oktoba 1817 mkataba ulitiwa saini. Radama angefunga kabisa biashara ya kuuza watu nje ya kisiwa, na Waingereza wangemlipa fidia kila mwaka.

Orodha ya fidia hiyo niliwasomesha wanafunzi wangu miaka mingi, maana inaonyesha bei ya kila kitu: dola 1,000 za dhahabu na 1,000 za fedha, mapipa 100 ya baruti, bunduki 100 na mawe ya gumegume 10,000, vizibao vyekundu 400, mashati 400, suruali 400, viatu jozi 400 na kofia za askari 400, panga 12 za masajini, majora ya kitambaa cheupe na cha buluu, na kwa mfalme mwenyewe koti la sherehe, kofia na buti, pamoja na farasi wawili. Naye akatangaza kwamba raia wake yeyote atakayemuuza mtu nje, yeye mwenyewe atafanywa mtumwa.

Tazameni vizuri. Katika orodha ile ni vitu vichache mno ambavyo Wamalagasi wangeweza kuvitengeneza wenyewe mwaka uliofuata kama Mwingereza angekataa kuvileta. Na alikataa! Farquhar alikwenda likizo Ulaya, akakaimu mtu mwingine, Jenerali Hall, ambaye hakuutaka mkataba ule, akaacha kulipa na kumwita arudi James Hastie, mjumbe aliyekuwa Antananarivo. Fikirini hali ya Radama mbele ya wakubwa wake. Amewakataza biashara iliyowatajirisha, amewatishia kwa utumwa, na sasa yule aliyemwamini hana habari naye. Biashara ikafunguliwa tena. Antananarivo ikazuka methali iliyomfanya Mwingereza kipimo cha uongo.

Farquhar aliporudi alimtuma tena Hastie, akafika Antananarivo mwezi Oktoba 1820 kuomba mkataba ufufuliwe. Mtu mwingine angedai fidia maradufu au angemfukuza. Radama alikubali mkataba ufufuliwe, lakini akaweka sharti jipya: Waingereza wachukue vijana 20 wa Kimalagasi wakawafundishe kazi na elimu, nusu Morisi na nusu Uingereza kwenyewe. Miaka mitatu kabla ya hapo aliahidiwa suruali na baruti. Sasa aliomba vichwa vya vijana wake vijazwe. Ndani ya miaka hiyo mitatu alikuwa ameelewa jambo ambalo serikali nyingi za bara letu zimechukua miaka sitini kulielewa, na nyingine bado.

Shemeji ya Radama, Ratefy, ndiye aliyewapeleka vijana wa kundi la Uingereza mpaka London. Miongoni mwao walikuwamo watoto mapacha, Raombana na Rahaniraka, waliokuwa na umri wa miaka kama 11. Likumbukeni jina la Raombana. Nitalirudia.

Pamoja na Hastie alifika mwalimu na mmisionari kutoka Wales, David Jones. Yeye na mwenzake Thomas Bevan walikuwa wametua pwani ya Toamasina mwaka 1818, kisha wakaleta wake zao na watoto wachanga. Homa ya pwani iliwamaliza karibu wote. Bevan, mkewe na mtoto wake walikufa. Mke wa Jones na mtoto wake walikufa. Akabaki Jones peke yake, mgonjwa. Tarehe 8 Desemba 1820 alifungua shule Antananarivo na wanafunzi watatu. Mfalme alimpa kiwanja, akamlinda, akaagiza wakubwa wapeleke watoto wao. Wazazi wengi waliogopa kwamba watoto watauzwa kwa Wazungu, baadhi waliwaficha. Si ajabu, kwa nchi iliyokwisha kuona watoto wakipotelea baharini. Hata hivyo kabla Radama hajafa shule zilikuwa zimeenea vijiji vya Imerina, nchi ya Wamerina, na wanafunzi walizidi elfu mbili, wasichana kwa wavulana.

Mwaka 1823 palitokea ugomvi wa herufi. Wakati huo kulikuwa na walimu kutoka Uingereza na Wafaransa wa jumba la mfalme, kila upande ukivutia mwandiko wake. Radama aliamua mwenyewe: Kimalagasi kiandikwe kwa herufi za Kilatini, konsonanti zifuate desturi ya Kiingereza, vokali zifuate ya Kifaransa. Kwa uamuzi wa kijana wa miaka 30 lugha ya kisiwa kizima ilipata mwandiko mmoja, zaidi ya karne moja kabla kamati yetu ya lugha ya Afrika Mashariki haijakaa kusanifisha Kiswahili. Mwandiko ule, kwa marekebisho machache, ndio wanaoutumia Wamalagasi leo. Nasikitika kwamba sorabe ilisukumwa pembeni, kama herufi za Kiarabu zilivyosukumwa pembeni kwetu. Hasara yake naijua, maana najua nyaraka ngapi za pwani hii hakuna tena kijana anayeweza kuzisoma. Lakini siwezi kukana faida.

Mafundi nao walikuja: seremala, mfua chuma, mfumaji, mtengenezaji wa ngozi. Aliyeacha alama kubwa ni James Cameron wa Scotland, aliyefika 1826. Mwaka huo huo ililetwa mashine ya kuchapia, na mchapaji wake, Charles Hovenden, akafa kwa homa kabla hajachapa hata karatasi moja. Cameron, ambaye hakuwa mchapaji, aliiunga kipande kwa kipande akisaidiwa na vijana wa Kimalagasi. Kurasa za kwanza zilitoka mwanzoni mwa 1828, miezi michache kabla ya mfalme kufariki.

Mpaka hapa mnaweza kudhani nawaandikia sifa tupu. Basi sikilizeni habari ya nywele.

Wanaume wa Kimerina walikuwa na nywele ndefu, zilizosukwa kwa ustadi. Waliowasuka ni mama zao, wake zao na dada zao. Mwaka 1822 Radama alinyoa nywele zake kama afisa wa Kizungu na kuwaamuru askari wake wanyoe pia. Wanawake wa upande wa Avaradrano, ngome ya baba yake, walikusanyika kwa maelfu nje ya mji na kumpelekea ujumbe: aache ugeni huu, arudi kwenye desturi za wahenga. Radama aliwazungushia askari. Wanne waliotajwa kuwa vinara waliuawa. Wengine waliwekwa chini ya ulinzi siku kadhaa bila chakula, kisha wakaambiwa waende makwao. Hakuna aliyezungumzia nywele tena.

Vitabu vingine husimulia kisa hiki kama kichekesho cha ushamba, eti wanawake walililia misuko. Mimi sijawahi kukisoma hivyo. Walikuwa ni mama za askari. Mwaka 1820 Radama alikuwa amepeleka jeshi kubwa mno magharibi, kwa Wasakalava wa Menabe, bila ghala za chakula na bila dawa, na njaa na homa zikawaua watu wengi kuliko adui. Mwaka uliofuata akapeleka tena. Askari walichukuliwa majumbani bila mshahara, wajilishe wenyewe au walishwe na jamaa zao. Mama aliyemsuka mwanawe alijua kichwa kile kinaweza kuoza nyikani Menabe bila kuzikwa. Walipoona nywele zimekatwa waliona mtoto keshachukuliwa kabisa, si wao tena. Walikwenda kwa mfalme wao wakiwa mikono mitupu, kusema. Angewatokea akawasikiliza, pengine angejua mapema mambo yaliyokuja kuiangusha kazi yake. Kwangu mimi hilo ndilo kosa lake kubwa kuliko yote, kubwa kuliko vita alivyoshindwa.

Vita alivyoshinda vilikuwa vingi. Baada ya maafa ya Menabe alipunguza jeshi na kulifundisha kwa msaada wa Hastie, Robin na sajini mmoja aliyeitwa Brady, akawapa maafisa vyeo vya kupanda ngazi kwa ngazi, na safari ya 1822 ikafanikiwa zaidi. Mfalme wa Menabe, Ramitraho, akakubali amani, na binti yake Rasalimo akaolewa na Radama. Pwani ya mashariki alikuwa amekwisha kupatana na Jean René, mtawala wa Toamasina, kwa kuchanjiana damu. Mwaka 1823 alishuka kaskazini mashariki. Mwaka 1824 aliingia Mahajanga. Mwaka 1825 watu wake waliishusha bendera ya Wafaransa katika ngome ya Fort Dauphin, kusini. Alijiita mfalme wa Madagaska, na picha za Napoleon zilimvutia sana. Lakini sehemu kubwa ya kusini na sehemu nyingi za magharibi hazikupata kuwa chini yake. Alikuwa na ngome pwani na njia za kufikia ngome hizo; zaidi ya hapo watu waliendelea na wafalme wao.

Mahajanga inatuhusu. Ulikuwa mji wa Waislamu wafanyabiashara, Waantalaotra, wenye ndugu Komoro na mawasiliano na pwani yetu mpaka Zanzibar. Mtawala wa Kisakalava wa Boina, Andriantsoly, alisilimu, akapigana na Wamerina, akashindwa, akakimbilia Maore. Huko ndiko mwaka 1841 aliposaini mkataba wa kuwapa Wafaransa kisiwa kile, na mpaka leo wamo.

Na nyinyi mliozaliwa Mafia mnayajua magofu ya Kua, kule Juani. Wazee wetu walitusimulia kwamba mji ule uliangamizwa na Wasakalava waliovuka bahari kutoka Bukini, wakaua na kuteka. Tangu mwishoni mwa karne ya 18 vyombo vya Wabetsimisaraka, watu wa pwani ya mashariki ya Bukini, na vya Wasakalava vilikuwa vikienda Komoro kwa makundi kuteka watu, na vingine vikafika visiwa vya Kirimba na pwani yetu. Katika mkataba wa 1817 Radama aliahidi kwamba uvamizi dhidi ya Nzuwani, huko Komoro, ukome, na askari wake waliposhika bandari za kaskazini mashariki, misafara ile mikubwa ikapoteza mahali pa kukusanyikia. Sijui ni Waswahili wangapi wanajua kwamba usingizi wa pwani yao ulilindwa kwa sehemu na kijana wa milimani huko Bukini. Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, alijua nguvu ya jeshi lile: mwaka 1833, Radama akiwa keshakufa, alipeleka posa kwa malkia aliyemrithi na kuomba askari 2,000 wamsaidie dhidi ya Mombasa. Posa haikukubaliwa, wala askari hawakuja.

Farquhar yule yule, mwaka 1822, ndiye aliyemtuma Kapteni Moresby kwa Sayyid Said kutafuta mkataba wa watumwa. Moresby alipata ahadi ya kutowauzia Wakristo. Biashara na nchi za Kiislamu ikaendelea. Nawaambieni haya ili msimtazame Radama kama mtu wa peke yake. Yeye naye alizuia kuuza nje, si utumwa wenyewe. Mateka wa vita vyake walipelekwa Imerina kulima mpunga, kubeba mizigo na kujenga. Na kwa kuwa wanaume huru walikuwa vitani au kwenye kazi za lazima za mfalme, kiu ya watumwa iliongezeka. Miaka iliyofuata watu wa bara letu, wengi wao Wamakua, walivushwa kutoka Msumbiji na kuuzwa magharibi mwa Madagaska. Waliitwa Wamasombika. Wakaachwa huru mwaka 1877 tu. Mkataba ule wa Radama ulioandikwa kwa maneno mazuri ulifunga mlango wa kutokea, na mlango wa kuingilia ukabaki wazi.

Hastie alikufa Oktoba 1826. Alikuwa mshauri aliyeweza kumwambia mfalme neno gumu, na baada yake sioni mwingine. Radama alizidi kunywa. Wajukuu zangu, ulevi siuzungumzii kwa sababu ya dini peke yake, ingawa dini inatosha. Nauzungumzia kwa sababu mtu aliyekuwa na akili ile, na hamu ile ya kujua, alikufa tarehe 27 Julai 1828 mwili umekwisha, akiwa na umri ambao wengine ndiyo kwanza wanaanza kazi ya maana. Na hakuwa ametangaza mrithi mbele ya baraza la nchi.

Kifo chake kilifichwa siku kadhaa. Ndani ya siku hizo mmoja wa wake zake, kwa msaada wa maafisa wenye nguvu, alishika jumba na kutangazwa malkia: Ranavalona. Rakotobe, mpwa wa Radama aliyetazamiwa kurithi na aliyesomeshwa na Jones, aliuawa. Ratefy, baba wa kijana huyo, yule aliyepeleka watoto London, aliuawa. Mama mzazi wa Radama alifungiwa akafa kwa njaa. Mfalme alizikwa katika jeneza la fedha lililofuliwa kwa sarafu zilizoyeyushwa, pamoja na makoti ya Kizungu, kofia, bunduki na vyombo vya thamani, na ng'ombe waliochinjwa ni kwa maelfu. Mnamo Novemba 1995 moto uliteketeza Rova, ngome ya wafalme kule Antananarivo, na makaburi ya kifalme yakaungua nayo.

Ranavalona alitawala miaka 33. Aliuvunja mkataba wa Waingereza. Mwaka 1835, mwaka ambao Biblia nzima ya Kimalagasi ilimalizwa kuchapwa, alipiga marufuku raia wake kuufuata Ukristo, na mwaka uliofuata wamisionari wa mwisho wakaondoka. Waliokutwa na vitabu waliadhibiwa, baadhi waliuawa. Watu walifukia vitabu mashimoni na kuvisoma usiku, walinakili kurasa kwa mkono, walifundishana kusoma kwa siri. Wamisionari waliporejea baada ya 1861 waliwakuta Wakristo wengi kuliko waliowaacha. Mimi ni Muislamu na kitabu kile si changu. Lakini nilikuwa mwalimu, na najua maana ya kazi inayoendelea miaka 25 bila mwalimu, bila mshahara, na malkia mwenyewe akiwa dhidi yake. Na malkia aliyewafukuza walimu aliendelea kuendesha serikali yake kwa barua, daftari na makarani, wanafunzi wa shule za Radama.

Mmoja wa makarani hao ni Raombana, yule pacha. Alirudi nyumbani akawa katibu wa malkia, akimwandikia barua za nje. Na kwa siri, kwa Kiingereza, aliandika historia ndefu ya nchi yake, humo akiwahukumu wafalme kwa ukali, Radama akiwa miongoni mwao: vita vyake, wafu wake, anasa zake. Alikufa 1855. Radama alimpeleka mtoto wa miaka 11 akasome, na mtoto akarudi na uwezo wa kumhukumu. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo kwa mtawala, ingawa sidhani kama yeye mwenyewe angeipenda.

Alikuwapo Radama wa pili, mtoto wa Ranavalona, kijana mpole aliyeingia madarakani 1861. Alifuta kazi za lazima, akafuta ushuru wa forodha, akafungua nchi kwa kila mgeni, akampa Mfaransa Lambert haki kubwa mno juu ya ardhi na madini, na kila aliyemshauri asubiri alimwona adui. Mei 1863 maafisa walimnyonga, na nchi ikalazimika kuilipa kampuni ya Lambert fidia ya faranga zaidi ya milioni moja kwa kuuvunja mkataba ule. Sina mengi ya kusema juu yake. Moyo wake ulikuwa mwema kuliko wa Radama wa kwanza, na nchi ilipata hasara kubwa zaidi.

Basi haya ndiyo ninayowausia. Wewe diwani, wanawake wa kata yako wakija mlangoni kulalamika juu ya jambo dogo, toka nje, keti, wasikilize mpaka mwisho. Waulize wamepoteza nini. Wewe mwenye kampuni, usitie saini msaada ambao ukikatwa mwakani huna cha kushika. Omba ufundishwe kutengeneza. Wewe mwalimu mkuu, mtaje atakayeshika nafasi yako ungali mzima, mbele ya watu, na umwachie funguo mapema. Na nyote mtafuteni Hastie wenu, mtu wa kuwaambia neno gumu, msimfukuze siku mtakayokasirika.

Vitabu vyangu vimo katika kabati la chumba cha nyuma, pamoja na madaftari yangu ya masomo na karatasi chache za mkono za babu yangu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Msigawane. Vitabu na madaftari yapelekeni shule ya sekondari, yawekwe mahali mwanafunzi yeyote anapoweza kuyafikia. Karatasi za babu mpelekeeni mtu anayeweza kuzisoma, na mmoja wenu akajifunze kwake, kuanzia mwaka huu.

Babu yenu